Mstari wa Kenya

Jumatatu, 3 Februari

Nimefika ofisini kabla ya wenzangu, kama kawaida. Chai. Kompyuta. Safu ya Tanzania kwanza, kisha ya Kenya. Miaka miwili sasa asubuhi zangu huanza hivi: nalinganisha akiba ghafi ya taifa, yao na yetu, tangu enzi nilipokuwa bado nashonewa yunifomu hadi leo. Nikieleza kazi yangu kwenye harusi, watu huanza kutafuta maji ya kunywa. Shauri yao. Mimi naipenda. Mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na ndani yake mna watu wote wa nchi mbili na yale waliyojinyima.

Leo nimekuta jalada la ripoti, pamoja na kurasa za mwanzo, kwenye meza ya Dakta Mwaura. Limetoka kwa wachapishaji wetu kule Ngara. Rangi nzuri, karatasi nzito. Jina moja. La Dakta Mwaura.

Langu nimelipata ndani, ukurasa wa shukrani, katikati ya dereva na waliotuandalia vitafunio. Nyokabi. Basi. Hata jina la baba hakuna, kama mtoto wa nasari.

Nilienda chooni nikanawa uso. Nikarudi nikamaliza safu ya Kenya. Namchukia. Nimeliandika na sitalifuta.

Jumanne, 4 Februari

Nimemuuliza. Yeye ndiye mkuu wa utafiti hapa kwetu. Ana ofisi ya kona yenye madirisha mawili, ana nyumba mtaa wa Karen, ana sauti inayopendwa na redio. Nilisimama mlangoni. Hakuondoa macho kwenye simu.

"Nyokabi, si unajua vile hizi vitu huenda. Donors wanataka jina wanajua. Wewe ni team. Relax."

Sasa niandike ambayo sikumjibu. Ni nani aliyekaa Dar es Salaam majuma mawili ya joto akinakili vitabu vya zamani vya takwimu, maana vya miaka ile havimo mtandaoni? Mimi. Mimi na Bi. Mwanaidi, mtakwimu wao, mwanamke mpole aliyenifungulia kabati baada ya kabati na kunilisha maandazi. Dakta alikuja siku moja. Akala samaki, akapiga picha na vitabu, akapanda ndege.

Relax. Neno hilo nitamrudishia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimewaza kujiuzulu. Nimewaza kuimwagia chai kompyuta yake. Nimewaza kumwandikia mkewe, ingawa sina la kumwandikia. Upuuzi mtupu.

Ninachotaka ni aaibike mbele ya watu. Wawe wengi, wawe wamevaa vizuri, wawe wanamtazama usoni. Sijui itakuwaje. Lakini nimewahi kungoja miezi kupata tarakimu moja iliyokosekana, kwa hiyo kungoja sishindwi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisa, kisha kwa mama, Riruta. Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Siku hizi hanikaribishi kiti kabla sijaona ujenzi. Nyuma ya ploti, pale palipokuwa na banda la kuku, kinainuka chumba cha kupangisha. Kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango. Pesa zinatoka kwa ndugu yangu Njoroge, anayeendesha lori Marekani. Kila mwezi Njoroge hutuma, na kila mwezi mama hashiki kitu kingine kabla hajanunua mawe au simiti. Sweta aliyovaa leo ni ile ile ya mazishi ya baba.

Aliniuliza kitabu kimefika wapi, ndivyo anavyoiita ripoti yetu. Nikamweleza tena, maana hupenda kuelezwa. Chukua mapato yote ya taifa, toa kilicholiwa na kutumiwa, kinachobaki ndicho akiba. Ukisema akiba ya taifa, umehesabu pia wanachotuma watoto walio nje. Ukisema akiba ya ndani, hao umewaacha.

"Kwa hivyo hii nyumba ya Njoroge iko kwa kitabu yako?"

"Iko, mama. Iko kwa mstari wa Kenya."

Akaupigapiga ukuta kwa kiganja, ameridhika. Kisha akauliza kama jina langu liko. Nikasema liko. Sikusema ni wapi.

Nimerudi nyumbani na chuki mpya. Ya kwangu mimi naweza kuimeza. Lakini sasa amenifanya nimdanganye mama yangu baada ya kanisa.

Jumanne, 11 Februari

Leo siku njema. Niandike polepole nisiharibu utamu.

Takwimu za mwaka wa mwisho zimetoka. Badala ya kunipa mimi niziongeze, Dakta ameichora grafu upya yeye mwenyewe, Jumamosi, kwake nyumbani. Nadhani swali langu la mlangoni lilimkera, akataka kuonyesha anaweza. Ameituma Ngara moja kwa moja, mimi nikapata nakala tu.

Nimeifungua. Mstari wa Kenya umezama.

Kwanza nililaumu macho yangu. Kisha nikaelewa. Amechukua safu siyo, ile ninayoiweka pembeni kwa kukagulia tu. Akiba ya ndani. Kwa hiyo Kenya imewekwa bila pesa za ng'ambo, na Tanzania imeachwa na zake zote. Ni sawa na kulinganisha majiko mawili baada ya kubeba sufuria za moja.

Pengo kati ya mistari limekuwa kubwa, naye badala ya kushtuka amefurahi. Ameandika sura nzima ya mwisho juu yake. Wakenya ni walaji, jirani zao wanaweka. Hajui. Dakta wa uchumi, hajui. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angemkosoa.

Nilicheka peke yangu mpaka dada wa mapokezi akachungulia. Nikamwambia ni kichekesho kwenye simu.

Sitamwambia Dakta. Hata kwa dawa.

Jumatano, 12 Februari

Ngara, kwa miguu. Anayechapa ripoti zetu ni Harpreet, yeye na baba yake, na babu kabla yao. Urafiki wetu ulianzia kwenye meza yake. Ana sharti moja: grafu zetu hazipandi mtamboni kabla sijatia sahihi pembeni kwa kalamu yangu nyekundu. Alilianzisha baada ya mimi kumrudishia kazi moja mara nyingi hadi baba yake akaanza kuniogopa.

Akaiweka rasimu mbele yangu. Nikaitazama. Nikatia sahihi.

"Leo hakuna makosa?" akaniuliza. "Wewe? Uko sick?"

"Leo hakuna."

 Nikamrudishia rasimu.

Kisha akageuza jalada, akauliza jina langu liko wapi. Nikamwambia yote, ila lile la grafu. Alitoa maneno ya Kipunjabi ambayo hakunitafsiria. "Huyo mtu hana haya kabisa," akasema, akanimiminia chai nyingine. Nilitoka pale mwepesi. Nikanunua hindi la kuchoma, nikalila nikitembea hadi mjini.

Ijumaa, 14 Februari

Mji umejaa waridi. Wanaume wazima wanatembea na maua barabarani na sura za watu waliotumwa. Mimi nina kalamu yangu nyekundu, yanitosha.

Mpango uko tayari. Uzinduzi ni Alhamisi, kwenye hoteli moja huko Karen, bustani na hema jeupe, karibu na kwake ili asichoke. Watakuwapo wafadhili, wanahabari, mkubwa mmoja wa serikali, na wageni kutoka Tanzania, Bi. Mwanaidi akiwemo. Wakifika kwenye maswali nitainua mkono. Nitauliza kwa adabu kubwa: Dakta, kwenye mstari wa Kenya, pesa wanazotuma watu wetu walio ng'ambo zimo? Atasema zimo. Nitauliza: umetumia safu gani? Hapo atanyamaza, na kila mtu atasikia anavyonyamaza. Ndipo nitatoa grafu yangu, ile ya kweli. Nimeichapa kwa rangi. Nimeikunja mara moja. Iko kwenye mkoba.

Halafu nitamwambia a-relax.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Nilipofika kwenye "safu gani" nilitabasamu, na nikaona sura yangu inakuwa mbaya nikitabasamu hivyo. Haidhuru. Nimenunua viatu vipya.

Jumatatu, 17 Februari

Maboksi yamefika.

La kwanza nililifungua mimi, mbio mbio. Nikatoa nakala ya juu. Jalada lina majina mawili.

La pili ni langu. Nyokabi Waweru, herufi za ukubwa sawa na zake. Nikaenda kwenye grafu, ile ya mistari miwili. Chini yake imeandikwa: Takwimu na grafu zimeandaliwa na Nyokabi Waweru.

Nikakaa juu ya boksi.

Ni Harpreet. Siku ile nilipotoka kwake alimpigia Dakta simu. Akamwambia mwanamke huyu amekaa kwenye meza yangu miaka miwili na wewe sijawahi kukuona hata siku moja, jina lake liko wapi? Dakta akakubali. Hakubishana hata kidogo. Harpreet amenipigia leo anacheka, anasema nina deni la chai. Nikasema asante. Sauti ilitoka nyembamba, akadhani nalia kwa furaha.

Jioni Dakta alinikuta kwenye korido, akanishika bega. "Si umeona? Mimi si mtu mbaya, Nyokabi. Ungesema tu poa poa."

Nilisema. Nilisema nikiwa mlangoni kwake na yeye macho kwenye simu. Sasa ananipa kilicho changu na nimshukuru. Namchukia kuliko siku aliyoninyima.

Jumanne, 18 Februari

Nimelizungusha kila upande.

Nikimwambia Dakta, atauliza nani alitia sahihi. Nikimwambia Harpreet, kazi yote itatupwa ichapwe upya, naye atajua nilikaa kwenye meza yake, nikanywa chai yake, nikamdanganya kwa kalamu aliyoiamini kuliko macho yake. Nikiinua mkono Alhamisi, nitakuwa mwandishi wa pili anayemuuliza mwandishi wa kwanza kuhusu grafu iliyoandaliwa na mwandishi wa pili.

Kama angebaki mwizi mpaka mwisho ningemmaliza. Hata wizi hakuufanya sawasawa.

Hasira ninayo yote, haijapungua hata tone. Sina pa kuipeleka. Sikula.

Alhamisi, 20 Februari

Nimerudi kutoka Karen. Viatu vimenitoa malengelenge.

Hema lilikuwa limejaa. Nyasi zimekatwa vizuri, juisi ya tufaha, tai, vilemba. Grafu ilionyeshwa kwenye ukuta mzima. Mstari wetu chini, wao juu, na katikati jangwa. Dakta alizungumza vizuri sana, lazima niseme. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni ya watu walioshiba. Yule mkubwa wa serikali akasimama akasema Wakenya tunapenda kula, itabidi tulazimishwe kuweka akiba, tukatwe pesa kabla hatujazishika. Wakampigia makofi.

Nilimfikiria mama na sweta yake. Niliushika mkoba magotini. Karatasi ilikuwa ndani.

Wakaomba maswali. Hakuna aliyeuliza la maana. Mmoja aliuliza kama vitabu ni vya bure.

Halafu Dakta akaniita mbele. "Huyu ndiye ameandaa hizi data zote," akasema. "Nyokabi, hebu salimia watu." Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeota siku hiyo, hema hilo, macho hayo. Nilisema asanteni. Nikarudi kwenye kiti changu.

Ni mtu mmoja tu aliyeona. Wakati wa chakula Bi. Mwanaidi alinifuata, akanikumbatia, akanipongeza, kisha akafungua ukurasa ule. Akautazama kwa muda.

"Dada Nyokabi, samahani sana, sina nia ya kukukosoa. Huu mstari wenu mbona umeshuka hivi? Tulipokuwa pale Dar naukumbuka ulikuwa juu kidogo."

Alikuwa ameniwekea mlango wazi kabisa. Dakta alikuwa hatua chache kutoka pale, sahani mkononi, anacheka na wafadhili. Ningenyoosha kidole tu.

"Takwimu zilirekebishwa, dada," nikasema. "Baada ya pale."

"Aa, basi sawa. Hongera sana."

Aliniamini. Nimedanganya mtu aliyenilisha maandazi ili kumficha mtu ninayemchukia. Nimemlinda. Mimi, na viatu vyangu vipya.

Ijumaa, 21 Februari

Magazeti yameandika. Wakenya hawajui kuweka, wataalamu wasema. Wataalamu wawili, majina kamili. Ofisini wamenipa keki. Dakta alikata kipande cha kwanza akanilisha kwa mkono wake huku wakipiga picha.

Nilitafuna.

Jumapili, 23 Februari

Kwa mama. Chumba kimeezekwa, mabati mapya yanaumiza macho. Nimeonyeshwa mlango utakapokaa na dirisha litakapokaa. Ndipo nikapewa kiti.

Kitabu kilikuwa mezani, kimevishwa karatasi ya nailoni kama vile alivyokuwa akivisha vitabu vyetu vya shule. Nilimtumia nakala Jumatatu, kabla sijafikiri. Ameshakionyesha kwa wamama wa kanisa, kwa wapangaji, kwa muuza maziwa. Anajua jina langu liko wapi kwenye jalada bila kuvaa miwani.

Alivaa miwani. Akafungua ukurasa wa grafu, ambao ameuwekea kadi ya harusi ili asiupoteze.

"Huu ndio mstari wetu?"

"Ndio huo."

"Na nyumba ya Njoroge iko wapi hapa, maitu?"

Nilichukua kidole chake. Nikakisogeza juu ya mstari, mahali ulipopaswa kupita, nikakiweka hapo. Akainama akaangalia.

"Lakini hapa hakuna kitu," akasema.

Nikasema najua, mama. Nikamweleza. Nilianza na safu mbili, nikaishia Karen, na sahihi ya Ngara sikuiacha.  Alikuwa anasikiliza vile anavyosikiliza mahubiri, mikono imelala mapajani.

Kisha nikatoa kalamu nyekundu. Mama akanyoosha ukurasa kwa viganja viwili usiteleze. Nikachora mstari wa kweli mwaka kwa mwaka, kwa kichwa, maana nimekaa nao sana. Ulipofika mwisho, mama akapatazama pale, akapapiga kidogo kwa kidole kama alivyoupiga ukuta.

"Sasa iko," akasema. Akafunga kitabu polepole. "Na zile kitabu zingine?"

Nilifunika kalamu nikaiweka mezani, kati yetu.